Majina Yaliyoachwa Nje ya Jiwe: Tume ya Makaburi ya Vita na Askari wa Bonde la Ufa, 1917–2025

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa kwa hati ya kifalme ya Uingereza tarehe 21 Mei 1917, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa bado vinapiganwa, ikakabidhiwa kazi ya kutia alama na kutunza daima makaburi ya waliokufa katika majeshi ya Milki ya Uingereza, na kuwajengea kumbukumbu wale ambao miili yao haikupatikana. Leo hii inatunza kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 katika mahali takriban 23,000, kwenye nchi zaidi ya 150, na kwa kipimo chochote hiyo ni kazi kubwa ya utunzaji ambayo taasisi chache duniani zimeweza kuifanya kwa zaidi ya karne moja bila kukatika.

Historia hii inaitazama Tume hiyo kutokea Njoro, katika Kaunti ya Nakuru. Mtu anayetoka Njoro kwenda Nairobi hupita Nakuru, ambako baadhi ya makaburi ya Nakuru North yako chini ya uangalizi wa Tume, kisha hufika Gilgil, ambako makaburi ya vita yana zaidi ya askari 200 wa Vita vya Pili waliolala kwa safu zilizonyooka, kila mmoja na alama yake. Hata hivyo, kati ya wapagazi wa Vita vya Kwanza waliotoka katika nchi iitwayo Kenya leo, ambao vifo vyao vilihesabiwa kwa makumi ya maelfu, karibu hakuna aliyewekewa jiwe lenye jina. Tofauti hiyo kati ya vita viwili haikutokana na kusahau wala na moto uliounguza madaftari, bali ilitokana na uamuzi uliofanywa ofisini na watu waliokuwa na madaraka ya kuamua vinginevyo. Kwa hiyo heshima inayostahili kupewa taasisi hii haiwezi kutenganishwa na uamuzi huo, ambao yenyewe imeukiri.

Haja ya kuanzishwa, 1914–1918

Mwanzilishi wa Tume, Fabian Ware, alifika Ufaransa mwaka 1914 akiongoza kikosi cha magari ya Msalaba Mwekundu, akaona kwamba waliokufa walikuwa wakizikwa pembeni mwa barabara na mashambani bila mtu yeyote kuandika walipolala. Alianza kuandikisha makaburi hayo, na mwaka 1915 jeshi liliikubali kazi yake kuwa idara rasmi. Miaka miwili baadaye idara hiyo ilizaa Tume, ambayo wakati ule iliitwa Tume ya Milki ya Makaburi ya Vita, Ware akiwa makamu mwenyekiti na mwendeshaji mkuu, nafasi aliyoishika hadi mwaka 1948.

Mwaka 1918 Sir Frederic Kenyon, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la British Museum, aliandika ripoti iliyoweka misingi ya kazi yote. Msingi wa kwanza ulikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, ama juu ya kaburi ama juu ya mnara. Wa pili, kwamba alama hizo zitakuwa za kudumu. Na wa tatu, kwamba alama zitakuwa za namna moja, bila kutofautisha cheo cha kijeshi, hali ya maisha, rangi wala dini. Msingi huu wa tatu uliwaudhi matajiri wengi wa Uingereza, waliotaka kuwasafirisha watoto wao nyumbani na kuwajengea makaburi ya fahari, na ulijadiliwa kwa ukali bungeni mwezi Mei 1920 kabla ya kushinda. Jenerali na kuruta walilala chini ya jiwe la kipimo kimoja, lenye kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 38. Katika Ulaya ya wakati ule, iliyozoea kuwazika askari wa kawaida katika mashimo ya pamoja, haya yalikuwa mapinduzi, na Tume ina haki ya kujivunia.

Keya na kariakoo, 1914–1918

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa kati ya Waingereza na Wajerumani wa Tanganyika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, vikaendelea hadi aliposalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kikosi kikuu cha Waafrika upande wa Uingereza kilikuwa King's African Rifles, kilichoundwa tarehe 1 Januari 1902, ambacho watu walikiita keya, kwa kuzitamka pamoja herufi zake tatu za mwanzo. Vita vilipoanza kilikuwa na batalioni tatu tu zenye askari kama 2,300. Vilipokwisha kilikuwa na batalioni 22 na askari zaidi ya 35,000, wengi wao wakiwa wameandikishwa katika jamii ambazo wakoloni walizipachika sifa ya kuwa za kivita, Wanandi wa Bonde la Ufa wakiwa miongoni mwao.

Lakini vita vile vilibebwa kichwani zaidi ya kupiganwa kwa bunduki. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara hazikuwapo, na kila kilo ya unga, risasi na dawa ilipaswa kufika mstari wa mbele juu ya vichwa vya watu. Upande wa Uingereza pekee ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani. Kikosi cha wapagazi wa himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya baadaye, kiliongozwa na ofisa wa utawala, Luteni Kanali Oscar Watkins, nalo jina la Kiingereza la kikosi hicho liligeuzwa vinywani mwa watu likawa kariakoo. Hadi leo soko kuu la Dar es Salaam huitwa Kariakoo na soko la Nairobi huitwa Kariokor, na wanunuzi wa vyondo na nyama choma hulitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba wanataja kambi ya wapagazi.

Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua wanaume kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia msako mkubwa uliokusudiwa kuwakusanya wanaume wote wenye nguvu katika hifadhi za wenyeji. Njoro na mashamba mengine ya walowezi karibu na Nakuru yaliingia katika historia hiyo kwa njia ya pekee. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imetolewa kwa Wazungu baada ya Wamaasai kuhamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904, na Lord Delamere alikuwa na shamba lake la Equator Ranch hapo Njoro tangu mwaka 1903. Kwa kuwa walowezi walihitaji vibarua na serikali iliwalinda vibarua hao wasichukuliwe, wanaume wengi walikimbilia mashambani, wakakubali uskwota, yaani kuishi na kulima kipande cha ardhi ya mlowezi kwa malipo ya kazi, ili wasipelekwe kariakoo. Yaani kwa mwanamume wa mwaka 1917, kazi ngumu ya shamba la Njoro ilikuwa maficho, na jambo hilo linatosha kuonyesha jinsi habari za vita vya kule kusini zilivyokuwa zimeenea.

Habari hizo zilikuwa za kweli. Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria na kichomi kuliko kwa risasi. Wengi walipewa unga wa mahindi usiopikwa vizuri, chakula ambacho matumbo ya watu waliozoea wimbi, viazi au maziwa hayakukiweza, mpaka Watkins alipofanikiwa kuboresha upishi na matibabu. Makarani wa kikosi walihesabu vifo zaidi ya 40,000 miongoni mwa wapagazi waliotoka himaya hii peke yake, na watafiti wa baadaye wamekadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Uingereza kwa jumla walikaribia laki moja.

Uamuzi wa miaka ya 1920

Vita vilipokwisha, Tume ilipaswa kuupeleka Afrika Mashariki msingi wake wa usawa. Makaburi ya Wazungu yalikusanywa, kama kule Taveta na Voi, yakawekewa mawe. Wazungu na Wahindi ambao miili yao haikupatikana waliandikwa majina kwenye kumbukumbu maalumu, ikiwemo ile iliyomo katika makaburi ya Nairobi South. Waafrika walitendewa vingine. Maofisa wa utawala wa kikoloni walishauri kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na wakuu wa Tume mjini London walikubali. Hoja zilizotolewa zilikuwa kwamba Mwafrika hangefahamu maana ya jiwe la kaburi, kwamba desturi zake hazikulitaka, na kwamba gharama ingekuwa kubwa. Maneno ya namna hiyo hayakusemwa Afrika Mashariki pekee: mwaka 1923 gavana wa Gold Coast, ambayo ni Ghana ya leo, F. G. Guggisberg, aliwaeleza maofisa wa Tume kwamba mtu wa kawaida wa nchi hiyo hangelielewa wala kulithamini jiwe.

Badala ya majina, Waafrika walipewa sanamu za shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson: moja Mombasa na moja Dar es Salaam mwaka 1927, na nyingine Nairobi mwaka 1928, katika barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue. Sanamu ya Nairobi inaonyesha watu watatu, akiwemo mpagazi, na maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mshauri wa lugha wa Tume, ambaye mwanawe John aliuawa Loos mwaka 1915. Maandishi hayo yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, ilhali sanamu yenyewe haina jina hata moja. Ni vigumu kuamini kwamba mtunzi aliyetumia miaka mingi akitafuta mahali alipozikwa mwanawe hakuiona kasoro hiyo. Pengine aliamini kwamba majina yale yangehifadhiwa na wengine.

Hoja ya kwamba majina hayakujulikana haisimami, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndilo ambalo watetezi wa uamuzi ule wamelitumia mara nyingi. Keya walikuwa na madaftari ya vikosi, yenye namba ya askari, jina lake, jina la baba yake na mahali alipotoka. Wapagazi waliandikishwa kwa namba na kwa wilaya, wakalipwa mishahara iliyoandikwa. Kwa hakika mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila kulipwa kwa sababu ilidaiwa kwamba warithi hawakupatikana, na mjadala wa fedha hizo uliendelea kwa miaka mingi baada ya vita. Huwezi kuhesabu deni la mtu ambaye hukumwandika. Zaidi ya hayo, sheria ya usajili wa mwaka 1915, ambayo utekelezaji wake ulianza rasmi miaka ya 1919 na 1920, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kubeba kipande, yaani hati yenye jina, alama za vidole na kumbukumbu za ajira, iliyowekwa katika kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Hivyo serikali ileile iliyosema kwamba haiwezi kumwandika Mwafrika juu ya kaburi ilikuwa imemwandika kwa ajili ya kodi na kibarua, tena kwa uangalifu ambao vibarua wa Njoro waliuhisi shingoni.

Tofauti hiyo ilionekana pia katika ardhi. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu, na sehemu ya hifadhi ya Wanandi, watu waliokuwa wametoa askari wengi wa keya, ilikatwa kwa ajili hiyo. Wapagazi walirudi bila ardhi, na wenzao waliokufa walibaki bila jiwe. Mjini Nakuru, hospitali iliyotumikia Wazungu ilipewa jina la kumbukumbu ya vita, nalo jina la War Memorial bado liko katika vinywa vya wakazi hadi leo, ingawa wanaofika hapo kutibiwa sasa ni wa kila namna.

Vita vya pili na makaburi ya Gilgil, 1939–1947

Vita vya Pili vilipozuka, Bonde la Ufa likawa uwanja wa mafunzo. Gilgil kulikuwa na kambi kubwa, Nakuru kukawa na kituo cha jeshi la anga la Uingereza kilichofundisha marubani, na mateka wa Kiitaliano waliletwa kufanya kazi za barabara, nao ndio waliolijenga kanisa dogo la chini ya ukingo wa bonde, karibu na Mai Mahiu, mwaka 1942. Kutoka Kenya waliandikishwa Waafrika takriban 98,000. Baadhi yao walikuwa keya wa bunduki, wengine madereva, makarani na wauguzi, na wengine waliingia panyako, jina ambalo watu waliwapa askari wa vikosi vya kazi, waliochimba na kujenga kwa jembe na sururu. Walipigana Somalia na Abisinia dhidi ya Waitaliano, kisha Madagaska, na mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, ikaingia Burma, ambayo wao waliiita Bama. Mwaka 1944 divisheni hiyo ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika, penye matope na malaria, ikauvuka Mto Chindwin mwezi Desemba.

Kifo kilichowagusa wengi kwa siku moja kilitokea baharini. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu, na watu 1,297 wakafa.

Safari hii Tume ilifanya kazi yake kwa namna tofauti. Askari wa Kiafrika aliyekufa Gilgil, Nanyuki au Nairobi aliwekewa alama yenye namba, cheo, kikosi na jina. Waliozama na wale ambao makaburi yao hayakujulikana walitajwa kwenye Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, iliyomo ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Ngong Road. Waliokufa Burma walizikwa Taukkyan na kwingineko, au waliandikwa katika Kumbukumbu ya Rangoon pamoja na Wahindi na Waingereza, kwa jumla ya majina karibu 27,000. Kwa kufanya hivyo Tume ilithibitisha kwa vitendo kwamba yale yaliyosemwa miaka ya 1920 kuhusu ugumu wa kumwandika Mwafrika hayakuwa kweli, maana desturi za watu wa Bonde la Ufa hazikuwa zimebadilika kiasi hicho katika miaka 20.

Kutoka Milki hadi Jumuiya, 1948–2018

Kipindi hiki kirefu kilikuwa cha utunzaji zaidi ya mabadiliko. Ware alistaafu mwaka 1948, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1960 taasisi iliacha jina la Milki, ikachukua la Jumuiya ya Madola. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na vikosi vya keya vya Kenya vikawa Kenya Rifles, makaburi yalibaki chini ya Tume, inayogharimiwa na serikali sita wanachama: Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini. Kenya si mwanachama, ingawa ardhi ni yake na watunza bustani ni wananchi wake, ambao mikono yao hufyeka nyasi za Gilgil na kupanda maua katikati ya mawe. Kazi yao haitajwi sana katika vitabu, lakini hali nzuri ya makaburi hayo katika nchi yenye jua kali na mvua za ghafla ni ushahidi wao.

Ripoti ya 2021 na yaliyofuata

Mwezi Novemba 2019 filamu ya televisheni ya Uingereza iliyosimuliwa na mbunge David Lammy iliwaonyesha watazamaji makaburi ya wapagazi waliosahauliwa Kenya na Tanzania, ikitegemea kwa sehemu utafiti wa Profesa Michèle Barrett katika nyaraka za Tume yenyewe. Mwezi uliofuata Tume iliunda kamati maalumu ya kuchunguza ukosefu wa usawa katika historia yake. Ripoti ilitolewa tarehe 22 Aprili 2021. Ilikadiria kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa, kwa mfano kwa pamoja bila jiwe la mtu mmoja mmoja au katika daftari tu. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu kuu zilitajwa bila kificho, nazo ni dhana za ubaguzi zilizotawala fikra za maofisa wa wakati ule. Siku hiyohiyo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na ya Tume.

Kuna taasisi nyingi za zama za ukoloni zilizofungua nyaraka zao kwa kulazimishwa na mahakama. Tume ilifungua zake baada ya aibu ya filamu, na hilo lisifichwe. Lakini ilipofungua, ilichapisha mpaka maneno ya waanzilishi wake yaliyowaaibisha, ikakubali mapendekezo yote kumi ya kamati na kuanzisha mpango wa kutafuta majina katika madaftari ya Afrika na Asia. Mwezi Novemba 2023 Mfalme Charles III, alipozuru Kenya, alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, akaweka shada la maua na kuwapa maveterani wachache waliosalia wa Vita vya Pili medali badala ya zile walizozipoteza. Januari 2025 kumbukumbu mpya ya Tume ilizinduliwa Cape Town kwa ajili ya zaidi ya watu weusi 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vikosi vya kazi barani Afrika wakati wa Vita vya Kwanza, kila mmoja akiwa na nguzo yake ya mbao iliyochongwa jina. Mfano huo unafaa kutazamwa na Afrika Mashariki, kwani unaonyesha kwamba jina linaweza kupewa mahali hata pale ambapo kaburi lenyewe halitapatikana tena.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1902 | King's African Rifles yaundwa, 1 Januari |
| 1915 | Sheria za kuwachukua wapagazi kwa lazima na za usajili zapitishwa |
| 1917 | Tume yaanzishwa, 21 Mei. Msako mkubwa wa wapagazi wafanyika Kenya |
| 1918 | Ripoti ya Kenyon yaweka msingi wa usawa. Vita vyaisha Afrika Mashariki, 25 Novemba |
| 1927–1928 | Sanamu za askari Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi |
| 1944 | Khedive Ismail yazama, 12 Februari. Divisheni ya 11 yavuka Chindwin, Desemba |
| 1960 | Tume yabadilishwa jina |
| 2021 | Ripoti ya ukosefu wa usawa, 22 Aprili |
| 2023 | Kumbukumbu na utoaji wa medali Kariokor |
| 2025 | Kumbukumbu ya vikosi vya kazi yazinduliwa Cape Town |

Huduma na mipaka yake

Tume huhudumia umma kwa njia kuu tatu: hutunza makaburi na minara, huhifadhi orodha ya waliokufa inayoweza kutafutwa bure kwenye intaneti, na hupokea ushahidi kuhusu watu ambao wanapaswa kuongezwa. Hata hivyo mamlaka yake yana mipaka ya tarehe. Kwa Vita vya Kwanza humhesabu aliyekufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kwa Vita vya Pili aliyekufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Askari wa keya aliyerudi kutoka Bama, akaishi kama skwota Njoro au Elburgon, akazikwa miaka ya 1960 au 1980 nyuma ya nyumba yake bila jiwe, yuko nje ya mamlaka hayo. Sehemu kubwa ya utumishi usiotiwa alama katika eneo hili iko katika kundi hilo, na si katika makaburi ya vita.

Nchi nyingine zimeliziba pengo hilo kwa taasisi za nyumbani. Kanada ina mfuko wa Last Post Fund, ulioanzishwa Montreal mwaka 1909, ambao tangu mwaka 2019 una mpango maalumu wa kuweka mawe kwenye makaburi yasiyo na alama ya maveterani wa mataifa ya asili, pamoja na kuongeza majina yao ya jadi na alama za jamii zao. Nchini Kenya maveterani hukusanyika chini ya chama cha wakongwe wa jeshi kijulikanacho kama DEFOCA, na wale waliotumikia Taji la Uingereza wamesaidiwa pia na Shirikisho la Maveterani wa Jumuiya ya Madola, lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921. Misaada hiyo hutolewa kwa walio hai, ikiwa chakula na matibabu, nayo ni lazima itangulie. Lakini orodha ya makaburi ya nyumbani, kata kwa kata, ni kazi ambayo machifu, makanisa na shule za Njoro zingeweza kuifanya kwa daftari na kalamu kabla wajukuu wa mwisho waliosikia masimulizi hayo hawajazeeka.

Familia inayotafuta jina la babu katika orodha za Tume hukutana na tatizo la tahajia. Karani wa mwaka 1917 au 1943 aliandika alichosikia: jina moja linaweza kuonekana kwa namna tatu, neno "arap" la Wakalenjin liliweza kufanywa jina la kwanza, jina la baba likafanywa ukoo, na kabila likakisiwa. Hivyo inafaa kutafuta kwa kila namna ambayo Mwingereza angeweza kulisikia jina hilo, na kutumia zaidi namba ya jeshi, ambayo mara nyingi imo katika cheti cha kuachishwa kazi ambacho nyumba nyingi bado zimekiweka katika mfuko wa nailoni pamoja na hati za shamba. Namba ndiyo isiyobadilika.

Alama ya Tume huwa na nembo ya kikosi juu, kisha namba, cheo, jina, tarehe ya kifo na ishara ya dini, na chini kabisa huachwa nafasi ya maneno ya familia. Baada ya Vita vya Kwanza familia za Uingereza ziliandikiwa barua na kuambiwa zinaweza kuchagua maneno yasiyozidi herufi 66. Kwa wazazi wa Taita, Nandi na Kiambu barua za namna hiyo hazikuwa kawaida, na chini ya majina mengi ya askari wa Kiafrika nafasi hiyo bado ni tupu.